Mzigo Kwanza, Tairi Baadaye: Kuchagua Matairi ya Pikipiki Inayobeba Mizigo Mizito



Simama asubuhi yoyote ya siku ya kazi pale Mtaa wa Msimbazi unapokutana na Barabara ya Uhuru, uangalie pikipiki zinavyotoka Kariakoo. Hii imefungwa marobota mawili ya mitumba, ile imebeba viroba vya unga, nyingine madumu ya mafuta ya kula, nyingine abiria wawili na mzigo juu ya mapaja. Zinaelekea Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Tegeta na nje ya jiji. Wengi wa vijana wanaoziendesha tunawafahamu. Ni wanachama wa VICOBA vyetu, na baadhi yao walinunua pikipiki hizo kwa mikopo tuliyowadhamini. Nyingine ni za miradi yetu wenyewe, zinazopeleka dawa, sabuni na chakula kwa wagonjwa wanaouguzwa majumbani.

Katika vikao vyetu tunazungumza sana juu ya bei ya petroli, bima na marejesho ya mkopo. Matairi huwa hatuyazungumzii mpaka lipasuke. Katika toleo hili tumeona ni vyema tueleze jinsi ya kuchagua tairi la pikipiki inayobeba mzigo mzito, kwa sababu sisi wenyewe tulijifunza jambo hili kwa gharama kubwa.

KILICHOTUPATA

Masika ya miaka michache iliyopita, mmoja wa watoa huduma wetu wa kujitolea alitoka Kariakoo na viroba vinne vya unga, kilo 25 kila kimoja, akielekea kwa familia tunazozihudumia upande wa Kisarawe. Tairi la nyuma lilikuwa halijamaliza miezi miwili, na lilikuwa na meno makubwa ya kupendeza. Alipokuwa anateremka kilima cha Pugu likapasuka. Pikipiki iliyumba, ikamtupa pembeni mwa barabara. Tunamshukuru Mungu kwamba gari lililokuwa nyuma yake lilikuwa bado mbali. Alivunjika mkono, akakaa miezi minne bila kufanya kazi. Mke wake anauza mbogamboga, na kwa miezi hiyo yote nyumba ya watu sita ilitegemea kapu lake peke yake.

Fundi alipolichunguza tairi lile hakukuta msumari wala kipande cha kioo. Alitusomea maandishi yaliyo ubavuni mwake, kisha akauliza swali moja tu: "Nani alilinunua?" Lilikuwa limenunuliwa na ofisi yetu. Tulilichagua kwa macho na kwa bei. Hakuna aliyekuwa amepiga hesabu ya mzigo.

HESABU YA MZIGO INATANGULIA

Kabla ya kwenda dukani, chukua kalamu na karatasi. Pikipiki ya kawaida ya sisi 125 au 150, ikiwa na mafuta, ina uzito wa takriban kilo 120. Tuchukulie kwamba kilo 65 kati ya hizo hulalia gurudumu la nyuma na 55 gurudumu la mbele. Dereva wa kilo 70 akipanda, kama kilo 45 za uzito wake huenda nyuma na 25 mbele. Kwa hiyo, hata kabla ya kupakia chochote, gurudumu la nyuma limekwisha kubeba kilo 110 na la mbele kilo 80.

Sasa tufunge vile viroba vinne, yaani kilo 100, kwenye keria. Wengi hudhani kwamba gurudumu la nyuma litaongezewa kilo 100 tu. Sivyo. Keria iko nyuma ya ekseli, na mzigo unaokaa nyuma ya ekseli hufanya kazi kama nyenzo: unakandamiza nyuma na wakati huohuo unanyanyua mbele. Umbali kati ya ekseli mbili za pikipiki hizi ni kama mita 1.25. Ikiwa katikati ya mzigo iko sentimita 30 nyuma ya ekseli, gawanya 30 kwa 125, utapata 0.24. Maana yake, kwa kila kilo 100 za mzigo, kilo 24 zinatolewa gurudumu la mbele na kuongezwa la nyuma.

Hesabu yetu inakuwa hivi:

Gurudumu la nyuma: 110 + 100 + 24 = kilo 234.
Gurudumu la mbele: 80 – 24 = kilo 56.

Pikipiki nzima ina kilo 290, lakini mbele hakuna hata moja ya tano ya uzito huo. Ndiyo maana dereva aliyepakia hivyo husema usukani "umekuwa mwepesi". Gurudumu la mbele haligusi barabara kwa nguvu ya kutosha, kona inakuwa ngumu, na breki ya mbele, ambayo ndiyo breki kubwa ya pikipiki, haishiki inavyotakiwa.

Sasa tubadilishe mambo mawili. Kwanza, tuondoe kiroba kimoja, vibaki vitatu vya jumla ya kilo 75. Pili, tuvisogeze vikae juu ya kiti, vikigusana na mgongo wa dereva, ili katikati ya mzigo iwe sentimita 10 mbele ya ekseli ya nyuma. Hapo kilo 69 za mzigo zinaenda nyuma na 6 mbele. Gurudumu la nyuma linabeba kilo 179 badala ya 234. Tofauti ni kilo 55, ingawa tumepunguza kilo 25 tu. Kilo 30 zilizobaki zimetokana zaidi na namna ya kufunga.

Hesabu hii si ya mizani ya dukani. Pikipiki hutofautiana na watu hutofautiana. Lakini inatosha kukuonyesha upo upande gani wa mpaka. Soma pia kitabu cha pikipiki yako. Pikipiki nyingi za daraja hili hutengenezwa kubeba karibu kilo 150, dereva akiwemo. Dereva wa kilo 70 amebakiwa na kilo 80. Abiria wawili wa mshikaki, kila mmoja na kilo zake 65, wamekwisha kuuvuka mpaka huo kabla ya mkoba wa mtu yeyote kupakiwa.

KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Tairi linajieleza lenyewe. Tuchukue mfano wa maandishi unayoweza kuyakuta kwenye tairi la nyuma la pikipiki za bodaboda: 3.00-17 6PR 50P.

3.00 ni upana wa tairi kwa inchi.

17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Pikipiki nyingi za hapa hutumia 17 au 18. Pikipiki za njia mbaya, kama Yamaha DT125 ambayo parokia na miradi mingi imeitumia, huwa na 21 mbele na 18 nyuma.

6PR ndiyo mafundi huita "plai sita". Ni kipimo cha nguvu ya mwili wa tairi. Zamani zilihesabiwa tabaka za nyuzi za pamba. Siku hizi nyuzi ni imara zaidi, kwa hiyo tabaka zenyewe zinaweza kuwa chache kuliko namba inayoandikwa. La 6PR lina nguvu kuliko la 4PR la saizi hiyohiyo.

50 ni namba ya mzigo. Si kilo 50! Ni namba ya jedwali la kimataifa, na kila namba ina kilo zake. Hii ndiyo sehemu tuliyoikosea.

P ni herufi ya mwendo. P ni kilomita 150 kwa saa, L ni 120, J ni 100. Kwa mbeba mizigo herufi hii si tatizo, maana hakuna sababu ya kukimbia hivyo.

Hizi hapa ni baadhi ya namba za mzigo na kilo zake. Kata kipande hiki ukibandike ofisini au kwenye kibanda cha kijiwe chenu:

41 – kilo 145
45 – kilo 165
47 – kilo 175
50 – kilo 190
52 – kilo 200
54 – kilo 212
57 – kilo 230
60 – kilo 250

Kilo hizi ni za tairi moja, si za pikipiki nzima. Tairi lililopasuka Pugu lilikuwa la 3.00-17, 4PR, namba 45. Lilitengenezwa kubeba kilo 165, nasi tulilibebesha kama 234. Kama tungenunua la saizi ileile lenye plai sita na namba 50, tungekuwa na kilo 190. Bado lisingetosha kwa viroba vinne, lakini lingetosha kwa vitatu vilivyofungwa vizuri, ambavyo tumeona vinafikisha kilo 179.

Matairi mengine huandikwa kwa milimita, kwa mfano 90/90-18. Namba ya kwanza ni upana wa milimita 90, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya tatu ni rimu ya inchi 18. Herufi TT maana yake ni tairi la kutumia tyubu, na TL ni lisilohitaji tyubu. Rimu ya kawaida ya spoki huvuja kwenye matundu ya spoki, kwa hiyo weka tyubu hata kama umenunua tairi la TL.

Wapo wanaodhani dawa ni kununua tairi nene kuliko lililotoka kiwandani. Kuongeza hatua moja huenda kukawezekana, lakini muulize fundi kwanza. Tairi nene likikaa kwenye rimu nyembamba hubanwa na kupoteza umbo lake, na linaweza kusugua mnyororo au bodi. Mara nyingi ni salama zaidi kubaki na saizi ya kitabu na kutafuta namba kubwa ya mzigo ndani ya saizi hiyo.

Kanuni hii haibadiliki kwa pikipiki kubwa. Wasafiri wanaovuka Afrika kwa pikipiki za sisi 600 na zaidi, zenye masanduku ya chuma pande zote, nao hujumlisha uzito wa chombo, wa mtu na wa mizigo kabla ya kuchagua tairi. Namba zao ni kubwa kwa sababu vyombo vyao ni vikubwa, ila hesabu ni ileile.

MENO YA TAIRI NA NJIA UNAYOPITA

Baada ya mzigo, angalia njia. Kwa jumla kuna aina tatu za meno, ambayo mafundi wengine huyaita kashata.

Aina ya kwanza ni tairi la lami. Meno yake ni mapana, mifereji ni michache na si mipana. Sehemu kubwa ya mpira inagusa barabara, kwa hiyo hushika vizuri, haliishi haraka na halipati joto jingi. Kwenye tope halifai.

Aina ya pili ni la mchanganyiko. Meno yamekatwa kwa mafungu ya wastani, na mifereji ina nafasi ya kutoa maji na tope jepesi. Linafaa kwa dereva anayepita lami na changarawe siku hiyohiyo.

Aina ya tatu ni la vifundo. Meno yamesimama mbalimbali, marefu na makubwa. Kwenye tope na mchanga mwingi hakuna linaloshinda hili. Lakini kwenye lami ni vifundo vichache tu vinavyogusa chini. Kila kifundo kinapinda na kunyooka kwa kila mzunguko wa gurudumu, na mzigo ukiwa mzito kupinda huko huleta joto. Tena kwenye lami yenye maji huteleza, na vifundo vya katikati huliwa upesi.

Kosa letu la pili lilikuwa hapa. Tulinunua la vifundo kwa sababu lilionekana lina nguvu, lakini safari yetu kutoka Kariakoo mpaka Kisarawe karibu yote ilikuwa ya lami. Nguvu ya kubeba iko kwenye mwili wa tairi na kwenye upepo wake. Meno kazi yake ni kushika njia tu.

Kwa Dar es Salaam tunapendekeza hivi. Anayezunguka Kariakoo, Ilala, Buguruni, Temeke na Magomeni atumie la lami au la mchanganyiko lenye mifereji inayotoa maji vizuri. Akumbuke kwamba mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo hatari kuliko zote, kwa kuwa vumbi na mafuta yaliyodondoka barabarani hugeuka utelezi. Na bonde la Msimbazi likijaa maji pale Jangwani, hakuna tairi linaloifanya njia hiyo kuwa salama. Subiri, au zunguka. Anayetoka mjini kwenda mitaa yenye mchanga ya Kigamboni au barabara za changarawe za ndani ya Kisarawe na Mkuranga atumie la mchanganyiko nyuma. La vifundo tuwaachie wanaoishi na kufanya kazi kwenye tope na mchanga siku zote.

Mbele weka tairi lililotengenezwa kwa ajili ya mbele, mara nyingi lenye mistari inayozunguka, kwa sababu ndiyo inayosaidia kushika mwelekeo. Fuata mshale uliochorwa ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka. Usihamishe tairi la nyuma lililochakaa kulipeleka mbele ili "limalizie maisha". Tairi la nyuma likipasuka, dereva huenda akapambana nalo. La mbele likipasuka, mara nyingi hakuna nafasi ya kupambana.

UPEPO NDIO UNAOBEBA

Raba na nyuzi hazibebi mzigo zenyewe. Kinachobeba ni upepo uliofungiwa ndani. Ndiyo maana karibu na namba ya mzigo utakuta maneno ya Kiingereza yanayotaja kilo za mwisho na upepo wake, kwa mfano kilo 190 kwa upepo wa 41 PSI, yaani kPa 280. Kilo hizo ni halali tu kama upepo umefika hapo. Ukiwa na 20, tairi lako si la kilo 190 tena.

Upepo ukipungua, ubavu unapinda kila gurudumu linapozunguka. Jaribu kukunja waya huku na huku kwa haraka, kisha uguse pale unapokunjika, utasikia joto. Ndivyo inavyokuwa ndani ya tairi. Baada ya kilomita kadhaa za lami ya moto ya Dar es Salaam, nyuzi zinaachana na raba, tyubu inasagika, na tairi linapasuka ghafla. Dereva husema "lilikuwa zima asubuhi", na kwa macho ni kweli lilikuwa zima.

Kwa pikipiki nyingi za bodaboda kitabu hutaja kama 25 mbele, 28 nyuma dereva akiwa peke yake, na 32 au zaidi kidogo akiwa na abiria. Siku ya mzigo tumia kipimo cha juu cha kitabu chako, na kamwe usizidishe namba iliyoandikwa ubavuni. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa la baridi, kwa sababu joto la safari huongeza kipimo na kukudanganya. Usipunguze upepo njiani kwa kuwa tairi ni la moto.

Kubonyeza kwa kidole gumba au kupiga teke si kupima. Tairi lenye 20 na lenye 30 yote huwa magumu kwa kidole. Geji ndogo ya mkononi ni kitu ambacho kijiwe kizima kinaweza kuchangia na kutumia pamoja kwa miaka.

KUNUNUA KARIAKOO

Maduka ya spea za pikipiki yako mengi katika mitaa ya Kariakoo na upande wa Gerezani, na ndipo wanunuzi wa mikoani pia hujia. Hadi mwishoni mwa miaka ya 2000 nchi yetu ilikuwa na kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilichotengeneza matairi ya magari. Matairi ya pikipiki tunayoyakuta dukani leo hutoka nje, hasa nchi za Asia, na ubora wake unatofautiana sana.

Jinsi unavyouliza ndivyo utakavyojibiwa. Sisi tulikuwa tukiuliza hivi:

"Shikamoo mzee. Naomba tairi la nyuma la Boxer."

"Marahaba. Chukua hili, meno yake hayaishi leo wala kesho."

Siku hizi mtunza ghala wetu anauliza: "Naomba 3.00-17, plai sita, hamsini P, la mchanganyiko." Muuzaji huyohuyo hupanda ngazi akashusha jingine. Hakuwa ametudanganya siku ile. Tulimwambia jina la pikipiki, hatukumwambia mzigo.

Kabla ya kulipa, fanya mambo haya:

1. Soma mwenyewe saizi, PR na namba ya mzigo. Usiridhike na karatasi iliyobandikwa. Soma kilichochapwa kwenye raba.

2. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho. Kwa mfano 2323 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Kanuni yetu ni kutonunua tairi lililozidi miaka mitano kwa bei ya jipya.

3. Kunja raba kidogo kwa vidole kati ya meno. Ukiona nyufa ndogondogo, liache. Matairi yaliyoning'inizwa nje juani miezi mingi huzeeka kabla ya kutumika.

4. Angalia maandishi. Yaliyofifia, yaliyopinda au yasiyo na namba ya mzigo ni dalili mbaya. Ukiwa na mashaka juu ya ubora, wahusika ni Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC).

5. Dai risiti ya EFD na uitunze. Bila risiti huna pa kuanzia likitokea tatizo.

6. Nunua tyubu mpya ya saizi hiyohiyo pamoja na tairi. Tyubu ya zamani imekwisha kutanuka. Ikiwekwa ndani ya tairi jipya hujikunja, na pale inapojikunja ndipo inapotoboka.

Likishafungwa, endesha taratibu kwa kilomita 150 za mwanzo bila mzigo mzito. Raba mpya ina utelezi wa kiwandani ambao lazima uishe kwanza.

TAIRI LILILOKWISHA, LIMEKWISHA

Tunajua kwamba tairi jipya ni fedha nyingi kwa kijana anayerejesha mkopo kila wiki. Ndiyo maana biashara ya kuchonga matairi haifi: tairi la kipara linakatwa mifereji mipya kwa kisu cha moto, linapakwa rangi nyeusi na kurudi barabarani. Mifereji hiyo haiongezi raba, inaipunguza. Kisu kinakaribia nyuzi, wakati mwingine kinazikata. Vivyo hivyo kipande cha tairi kuukuu kinachowekwa ndani ili kufunika tundu: kinasugua tyubu na kuleta joto mahali pamoja. Pancha ya katikati ya meno inazibika kwa kuziba tyubu. Tundu au mpasuko wa ubavuni hauzibiki.

Kipimo rahisi cha kuchakaa ni njiti ya kibiriti. Iingize kwa ubavu kwenye mfereji wa katikati. Unene wake ni kama milimita 2. Ikiwa mfereji hauwezi kuuficha unene huo, badilisha tairi.

Kwa vikundi vya VICOBA tunapendekeza kuwe na fungu dogo la matairi ndani ya akiba ya kila wiki, kama ilivyo kwa fungu la jamii. Mwanachama akijua kwamba tairi lake lijalo linachangiwa kuanzia leo, hatakuwa na sababu ya kwenda kuchonga.

WAJIBU WETU

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokuwa na kambi mahali hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu, wakibeba mizigo iliyoamuliwa na wengine. Hatuwezi kuipita historia hiyo bila kujiuliza: mizigo ya leo inaamuliwa na nani? Kijana wa bodaboda huogopa kukataa kiroba cha nne kwa sababu mteja ataita pikipiki nyingine. Mtumishi wa kujitolea huogopa kukataa kwa sababu ofisi imesema mzigo wote ufike leo.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 23 mstari wa 5, kinatuagiza tukimkuta punda ameanguka chini ya mzigo wake tusimpite, hata kama ni wa mtu anayetuchukia. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 mstari wa 8, humtaka mwenye nyumba ajenge ukingo wa dari kabla mtu hajaanguka, si baada ya kuanguka. Kwetu sisi ukingo huo ni hesabu ya mzigo inayopigwa kabla ya safari.

Tangu ajali ile tumeweka utaratibu wa aina moja tu. Kwenye karatasi ya kutolea mizigo kumeongezwa mistari mitatu: kilo za mzigo, namba ya mzigo ya tairi la nyuma, na saini ya anayetuma. Ni saini ya anayetuma, si ya anayebeba. Kiroba cha nne kinasubiri safari ya pili, au kinapanda daladala. Ndugu yetu aliyevunjika mkono amerudi kazini, na ndiye anayeshika geji kila asubuhi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Someni namba ya mzigo kwenye tairi la nyuma la kila pikipiki ya kikundi. Ni kilo ngapi? Mzigo mkubwa mliobeba mwezi huu ulikuwa kilo ngapi?

2. Mzigo hufungwa wapi kwenye pikipiki zenu? Unaweza kusogezwa mbele kwa kiasi gani?

3. Mara ya mwisho matairi yalipimwa upepo kwa geji lini, na nani alipima?

4. Katika kikundi au mradi wenu, nani ana mamlaka ya kusema "mzigo huu umezidi"? Je, anayeendesha ni mmoja wao?